Msafiri Katika Mji Aliozaliwa

Kiswahili kina maneno mawili ya mahali pa mtu, na kila moja lina kazi yake. Anayesema "kwangu" anataja nyumba anayolala, ile ambayo ufunguo wake uko mfukoni. Anayesema "kwetu" anataja alikotoka, waliko watu wake, hata kama hana chumba huko wala hajakanyaga kwa miaka thelathini. Na hili la pili halisemwi kwa umoja: hata aliyebaki peke yake katika ukoo wake husema "kwetu", kana kwamba asili si kitu cha kuwa nacho mtu mmoja. Kuhama mji ni kuyatenganisha maneno hayo. Yaliyokuwa mahali pamoja huwa mahali pawili, na kati yake kuna bahari, au mwendo wa basi wa kutwa nzima.

Hali inayofuata haina jina moja. Vijana husema wamepamisi. Wazee husema wanapakumbuka, au wanaona ukiwa. Ni kuupenda mji ambao mtu hakai tena, na mara nyingi kuupenda kuliko alivyoupenda alipokuwa ndani yake, akilalamikia joto na majirani. Wanazuoni na wanafalsafa wameuliza mambo mawili juu ya hali hiyo, na aghalabu wameyachanganya. La kwanza, je, ni kosa la moyo, ambalo mwenye busara au mwenye imani anatakiwa kuliondoa? La pili, ikiwa si kosa, je, inampa mtu haki yoyote juu ya mji ule? Majibu yake hayafanani, na machungu mengi ya wahamaji hutokana na kudhani kwamba aliyejibu moja amejibu yote mawili.

Katika Uislamu suala hili halikuweza kuepukwa, kwa sababu miaka yenyewe huhesabiwa tangu kuhama mji. Haihesabiwi tangu kuzaliwa kwa Mtume Muhammad wala tangu wahyi wa kwanza. Inahesabiwa tangu alipotoka Makka mwaka 622 kwenda Yathrib, mji ambao baadaye ukaitwa Madina. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inamweka Mtume Hazwara, palipokuwa soko la Makka, akiuambia mji kwamba ni bora ya ardhi ya Mwenyezi Mungu, na kwamba lau asingetolewa asingetoka. Anausemesha kama asemeshwavyo mtu. Qurani nayo haiupunguzi uzito wa jambo: katika Sura An-Nisaa, aya ya 66, amri ya kutoka majumbani imetajwa pamoja na amri ya kujiua, kama mambo mawili ambayo wangeyatii wachache tu.

Kisa kinachoonyesha hali hii kwa karibu zaidi ni cha Bilal. Walipofika Madina, Muhajirina wengi, yaani Waislamu waliohama Makka, walishikwa na homa, na Aisha, mke wa Mtume, akaenda kuwajulia hali baba yake, Abu Bakr, na Bilal. Homa ilipompungua, Bilal alipaza sauti kwa beti za kuutamani usiku mmoja katika bonde la Makka. Alitaja majani yanayoota huko, maji ya Majanna, na milima miwili, Shama na Tafil. Mojawapo ya majani hayo ni idhkhiri, nyasi yenye harufu nzuri, ndugu wa mchaichai, ambayo watu wa Makka waliezekea nyumba na kutumia makaburini. Mgonjwa aliyelala chini hakuitaja Kaaba. Alitaja nyasi.

Na mgonjwa mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Mhabeshi kwa asili, mtumwa wa zamani, ambaye katika bonde hilohilo alilazwa juani na kuwekewa jiwe kubwa kifuani ili aikane imani yake. Kama mapenzi ya mji yangekuwa malipo ya wema uliotendewa huko, Bilal angekuwa wa mwisho kuikumbuka Makka. Katika riwaya hiyohiyo aliwaapiza wakubwa wa Makurayshi waliowafukuza. Laana kwa watu na shauku kwa nyasi zao zilitoka katika kinywa kimoja, siku moja. Anayemwambia mhamaji asiusikitikie mji uliomtesa hajafahamu kwamba moyo haupigi hesabu za namna hiyo.

Aisha alipompelekea Mtume habari, jibu lake lilikuwa dua. Hakuomba Makka iondolewe katika nyoyo zao. Aliomba Madina ipendwe kama wanavyoipenda Makka au zaidi, na mapenzi ya zamani akayafanya kuwa kipimo cha mapya. Kisha akaomba mambo mawili ya chini kabisa: homa ihamie Juhfa, na baraka iingie katika pishi na kibaba cha Madina. Hapa pana mafunzo ya utawala zaidi kuliko ya hisia. Mji mpya huanza kupendwa pale maji yake yasipoleta maradhi na kibaba chake kinapojaa. Hotuba za uzalendo huja baadaye sana, kama zinakuja.

Swali la kwanza, basi, lilijibiwa mapema: kuupenda mji uliohamwa si kosa. Jibu la swali la pili lilingoja miaka minane. Mwaka 630 Mtume aliingia Makka akiwa mshindi. Sahaba wake Usama bin Zaid alipomuuliza kama angefikia nyumbani kwake, aliuliza naye kama Aqil alikuwa amewaachia nyumba yoyote. Aqil, mtoto wa Abu Talib, alikuwa amebaki Makka na kuziuza nyumba za ukoo. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira ya Mtume, anasimulia pia habari za nyumba ya Bani Jahsh, ambayo Abu Sufyan aliiuza baada ya wenyewe kuhama. Abu Ahmad bin Jahsh alipoizungumzia, Mtume alikawia kumjibu, na watu wakamwambia kwamba Mtume hapendi wayarudie mali yaliyowatoka katika njia ya Mungu. Uwezo wa kuzitwaa nyumba hizo kwa nguvu ulikuwapo, na haukutumika.

Siku alizokaa Makka, ambazo Ibn Abbas anazihesabu 19, Mtume alizipunguza swala: rakaa nne za adhuhuri zikawa mbili, kama aswalivyo msafiri. Alifanya hivyo tena katika Hija ya Kuaga, mwaka 632. Jambo hili hupitwa haraka katika vitabu vya ibada, kwenye mlango wa swala ya safari, lakini ndani yake kuna jibu zito. Mtu aliyezaliwa katika mji, aliyeishi humo zaidi ya miaka 50, aliyemzika humo mkewe Khadija, ambaye wakati huo mji wote uko chini ya amri yake, anasimama mbele ya Mola wake na kuswali swala ya mgeni.

Watu wa Madina, Ansari, walikuwa na hofu yao. Mwaka ule wa ushindi, walipomwona juu ya mlima wa Safa, wakanong'onezana kwamba mtu huyu sasa amevutwa na mji wake na jamaa zake. Aliposikia aliwajibu kwamba amehamia kwa Mungu na kwao, na kwamba uhai wake ni pamoja nao na kufa kwake ni pamoja nao. Alirudi Madina, akafia huko, na kaburi lake liko huko.

Ahadi hiyo ilikuwa na ukali wake. Muhajirina waliokwenda kuhiji waliruhusiwa kukaa Makka siku tatu tu baada ya kumaliza ibada zao. Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka katika Hija ya Kuaga, aliogopa kufia katika mji aliokwisha kuuacha kwa ajili ya Mungu, na Mtume alimsikitikia Saad mwingine, bin Khawla, ambaye yalimpata hayo. Hadithi hiyo inajulikana zaidi kwa sababu nyingine, kwani ndiyo iliyoweka mpaka wa wasia kuwa thuluthi. Mwanafunzi anaweza kuisoma kwa ajili ya mirathi na asiuone uoga wa mgonjwa anayetamani kuondoka katika mji wa kuzaliwa kabla roho haijatoka. Saad alipona na kuishi miaka mingi baadaye.

Mafakihi waliyageuza matukio haya kuwa sheria. Wahanafi hutofautisha makazi ya asili na makazi ya muda, na husema kwamba makazi ya asili hubatilika mtu akishika mengine mfano wake. Dalili yao ni Makka hiyohiyo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, safari ya kupunguza swala ni takriban kilomita 80 na kitu, na msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri. Je, hukoma pia akifika mji ambao ana ndugu, jamaa, hata nyumba, lakini hakai tena? Rai iliyopewa nguvu, naye mwanachuoni wao Nawawi ameieleza, ni kwamba hakomi. Muhajirina walikuwa na jamaa Makka, na walipunguza.

Mfano wa siku hizi utaonyesha hukumu hiyo inavyokata. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, watumishi wengi walipelekwa huko wakaacha familia Dar es Salaam. Mtumishi anayerudi Ijumaa jioni kwa mke na watoto Temeke amefika kwake. Safari yake imekwisha pale anapoingia mjini, na ataswali adhuhuri ya Jumamosi rakaa nne. Mwenzake amehamisha familia, amejenga Dodoma, na Dar amebakiwa na mama mzazi, marafiki wa barazani na timu yake ya mpira. Akija kwa siku mbili, huyu ni msafiri. Wote wawili huenda wanaupenda mji sawasawa, pengine wa pili anaupenda zaidi, maana hauoni kila wiki. Fiqhi haimwulizi mapenzi yake. Inamwuliza anakaa wapi.

Si kwamba jambo halikuleta ubishi. Khalifa Uthman bin Affan aliswali rakaa kamili Mina, kando ya Makka, na masahaba wakaguna. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba alikuwa ameoa Makka na kuwa na ahali huko. Ubishi huo unathibitisha kanuni: hata wanaomtetea hawakusema kwamba aliswali kamili kwa kuwa alizaliwa huko.

Kuna msemo unaorudiwa majukwaani kama hadithi, kwamba kuipenda nchi ni sehemu ya imani. Wakaguzi wa hadithi, Saghani miongoni mwao, wameuhesabu kuwa wa kutungwa. Maana yake si mbaya, lakini haukuhitajika. Hadithi zilizosihi zinaonyesha mapenzi ya mji kuwa jambo la kawaida la binadamu, kama njaa au homa. Linahurumiwa, linaombewa dua, wala halipewi cheo cha nguzo.

Wanafalsafa wa Kiyunani na Kirumi walielekea kulitatua swali la kwanza kwa kulikata. Diogenes, aliyefukuzwa Sinope, aliposema yeye ni raia wa ulimwengu mzima alikuwa anasema pia kwamba Sinope haimdai kitu. Sokrates alisimama upande mwingine: mwaka 399 kabla ya Kristo marafiki zake walikuwa tayari kumtorosha gerezani na kumpeleka Thesalia, naye akakataa. Hoja yake, kama Plato alivyoiandika, haikuwa kwamba Athens ni tamu. Ilikuwa kwamba mtu aliyekaa mjini miaka 70 na asitoke ila kwa vita amekwisha kutia saini mkataba na sheria zake. Kwa Sokrates mji ni deni, na deni hufuata ukaazi, si shauku. Katika hilo yu karibu zaidi na mafakihi kuliko na washairi.

Seneca ndiye mwenye kisa cha kuchekesha, ikiwa inafaa kumcheka aliye uhamishoni. Alipelekwa Corsica mwaka 41 na kukaa huko miaka minane. Kutoka huko alimwandikia mama yake, Helvia, risala ndefu ya kumliwaza, akieleza kwamba kuhama ni kubadili mahali tu. Kwamba nusu ya watu wa Roma wenyewe wamezaliwa kwingine. Kwamba mbingu ni ileile popote na wema wa mtu husafiri naye. Ni hoja safi. Katika miaka hiyohiyo alimwandikia Polybius, mtumwa aliyeachwa huru na mwenye sauti mbele ya Kaisari Claudius, risala nyingine ya kuliwaza iliyojaa sifa kwa Kaisari kiasi cha kutia haya, ili aruhusiwe kurudi. Wapo waliosema ni unafiki. Huenda ni sahihi zaidi kusema kwamba hoja ilikuwa na nguvu ya kumtuliza mama, ikakosa nguvu ya kumtuliza mwenyewe usiku. Falsafa inayotaka kuing'oa shauku hii kwa hoja hudhani kwamba shauku iliingia kwa hoja.

Waganga nao walijaribu. Mwaka 1688, huko Basel, Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari juu ya ugonjwa uliowapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao, akauundia jina la Kiyunani, nostaljia, kutokana na maneno ya kurejea na maumivu. Dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka 1798, Immanuel Kant alidai kwamba wagonjwa hao wakirudi hupona kwa sababu ya kuvunjika moyo: wanakuta mahali pamebadilika, kumbe walichokuwa wakikitaka ni ujana wao, nao haurudishwi na gari la farasi.

Dai la Kant limependwa sana, na lina ukweli ndani yake. Aliyeondoka Unguja akiwa na miaka 15 na kurudi akiwa na 60 huiona bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, kuwa ndogo, na hawezi kusema kama ni bustani iliyopungua au ni yeye aliyerefuka. Lakini dai hilo halimtoshi Bilal, ambaye ujana wake Makka haukuwa wa kutamaniwa. Halimtoshi pia Augustino. Yeye anasimulia kwamba rafiki yake kipenzi alipofariki, mji wao wa Thagaste, katika Algeria ya leo, uligeuka adhabu: macho yalimtafuta rafiki kila pembe na hayakumpata, hata akahamia Karthago. Mji ulikuwa uleule, na ujana wake ulikuwa bado haujapita. Kilichoondoka ni mtu mmoja, na mitaa yote ikawa haina maana. Mji wa mtu, kwa kisa hiki, umejengwa kwa watu wanaomjua, na majengo ni kama misumari walikotundikwa. Ndiyo maana neno "kwetu" halina umoja.

Maandiko ya Kiyahudi na ya Kikristo yana sauti mbili. Mke wa Lutu aligeuka kuutazama mji unaoteketea akawa nguzo ya chumvi, na kisa hicho kimetumika kuwaonya wanaotazama nyuma, ingawa Sodoma si mfano wa kila mji. Sauti ya pili ina manufaa zaidi. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, anawaandikia barua watu wa Yerusalemu waliochukuliwa mateka Babeli. Manabii wa uongo waliwaambia watarudi upesi. Yeye anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, na wautakie amani mji ule waliopelekwa, kwa maana katika amani yake watapata amani yao. Kurudi kumeahidiwa, lakini baada ya miaka 70, yaani wengi wa waliosomewa barua hawatakuwapo. Yerusalemu haikufutwa mioyoni mwao. Iliondolewa tu katika mipango ya mwaka ujao. Ni tofauti ndogo inayowapita wahamaji wengi, wale wanaokaa miaka 20 katika nyumba isiyo na kabati kwa kuwa "tunaondoka karibuni".

Visiwa vya Zanzibar vimetoa mifano ya hali hii mingi kuliko ukubwa wake. Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan, alitoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa siku hiyohiyo na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe alipata ajali ya tramu akafariki, akamwacha na watoto watatu katika mji wa baridi ambao hakuuchagua kwa ajili yake mwenyewe. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zimejaa vyakula, mavazi na sauti za nyumba ya Mtoni, kwa uangalifu wa mtu anayehesabu vitu kabla havijapotea. Mwaka 1885 alirudi, akiwa katika msafara wa manowari za Kijerumani. Wenyeji walimkusanyikia barabarani kumsalimu. Kaka yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Alirudi tena 1888, na mambo yakawa vilevile. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alitoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu, na sasa ni Mkristo hafifu na Mjerumani kwa zaidi ya nusu.

Kosa halikuwa kuupenda mji. Alikwenda na mapenzi pamoja na madai: urithi wake, nafasi yake, na nyuma yake mizinga ya dola iliyokuwa na hamu zake juu ya pwani hiyo. Waliomlaki barabarani waliyapokea mapenzi. Barghash aliyaona madai. Ni vigumu kumlaumu mmoja wao bila kumwonea.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, maelfu waliondoka Unguja na Pemba, wengine wakipitia Dar es Salaam na Mombasa kwenda Cairo, Dubai na Uingereza. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970 aliwaita Waomani wa nje warejee, na wengi wa watu hawa wakaingia Muscat. Neno lililotumika lilikuwa kurejea. Lakini aliyezaliwa Malindi ya Unguja, akasoma Unguja, akazika wazazi Unguja, alikuwa anarejea mahali ambapo hakuwahi kufika. Kwa babu zake ilikuwa asili, kwake ilikuwa hijra. Muscat waliitwa Wazanzibari, na Kiswahili kikaendelea kusemwa majumbani mwao. Wajukuu wao leo wanapika pilau ya Unguja na kuitaja mitaa ya Mji Mkongwe ambayo wameiona kwa siku kumi za likizo.

Hapo swali la pili linarudi na uzito wake wote. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya Mapinduzi, na familia nyingine zikaingizwa humo. Anayekuja kutoka Muscat husimama mbele ya mlango wa kuchonga uliokuwa wa bibi yake. Ndani anatoka mama aliyezaliwa nyumba hiyo, aliyelelewa humo, ambaye hana kwingine pa kupaita kwao. Wote wawili wanasema kweli wakisema "kwetu". Wapo wanaopenda kumsomea mgeni kisa cha Aqil na kumwambia aende zake. Hiyo ni kuitumia hadithi vibaya: aliyesamehe nyumba katika kisa kile ni aliyedhulumiwa, kwa hiari yake, na kusamehe kwake hakukuwa fatwa ya kumhalalishia mnyang'anyi. Dhuluma ya mali ina mahakama yake na hoja zake, na haifi kwa miaka kupita. Jambo jingine ni mapenzi. Mgeni anaweza kuwa na hoja ya mali bila kuupenda mji, na anaweza kuupenda mji bila hoja yoyote ya mali. Kinachomtatiza mama wa mlangoni ni pale mapenzi yanapotolewa kama hati.

Lipo pia dai la tatu, lisilogusa mali: kwamba mji usibadilike. Anayekaa mbali huutaka mji ubaki kama alivyouacha. Anachukia fleti, bodaboda na rangi mpya. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri alilolijenga Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Wengi walioililia simuni siku hiyo walikuwa mbali, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini anayekaa mjini anahitaji bomba la maji taka na chumba cha nne kwa mtoto anayeoa, na ndiye anayekuwa chini ukuta unapoanguka. Kauli yake kuhusu namna ya kuujenga mji ina haki ya kutangulia.

Linabaki suala la maiti, ambalo ndilo huyatenganisha maneno "kwangu" na "kwetu" kwa mara ya mwisho. Kenya ililipeleka mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwao Matasia, karibu na Ngong, nao ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Maiti ilikaa mochwari zaidi ya miezi mitano. Miongoni mwa mashahidi waliosimamishwa na ukoo alikuwemo mwanafalsafa Henry Odera Oruka. Hoja iliyozungumzwa nchi nzima ilikuwa kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba mjini na hiyo isiwe nyumbani. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Mapenzi ya marehemu kwa huku au kule hayakuamua kitu, na maisha aliyoyaishi Nairobi yakawekwa kando.

Madhehebu ya Shafi yanaelekea upande ulio kinyume kabisa. Maiti huzikwa alikofia. Kumhamisha mji hadi mji hakufai, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Yerusalemu. Kwa hiyo Wazanzibari wa Muscat wanalala Muscat, na Waomani waliofia Unguja karne mbili zilizopita wanalala Unguja. Ardhi ya mwisho huamuliwa na pale pumzi ilipokatika, na moyo hauulizwi.

Bibi Salme alifariki Jena, Ujerumani, mwezi Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, penye ukoo wa mumewe. Katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo. Walikizika pamoja naye.